Mhisani na Mdaiwa: Kagera na Uganda Baada ya Vita vya 1978–1979

Katika Kiswahili cha Tanzania, nchi na mashirika yatoayo misaada huitwa wahisani. Neno hili limetokana na hisani, yaani wema atendao mtu pasipo kudai malipo. Hoja yangu ni kwamba jina hili linaficha jambo ambalo historia ya Kagera imeliweka wazi: anayesaidia kuijenga upya dola iliyotoka vitani huwa na haja zake pia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, na wananchi wakakimbia wakiiacha migomba na mibuni yao. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin vipo. Utatu huo wa maneno ungali ukikumbukwa hadi leo. Neno la nne, gharama, lilikuja kujulikana baadaye.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Hapo Tanzania, nchi maskini, ikawa mhisani wa Uganda. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979 ulikuwa umekwisha kuviunganisha vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni. Yusuf Lule alishika urais mwezi Aprili, akaondolewa Juni. Godfrey Binaisa aliyemfuata akaondolewa Mei 1980. Yote hayo yalitokea huku askari wa Tanzania wakiwa tegemeo kuu la usalama nchini humo. Milton Obote, ambaye Tanzania ilimpa hifadhi katika miaka yake ya uhamishoni, alirudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980, ambao wapinzani wake waliyakataa matokeo yake. Je, mkombozi hakuwa na chaguo lake?

Wakati huohuo mhisani huyu alikuwa mdaiwa. Gharama za vita hukadiriwa kuwa dola za Marekani zipatazo milioni 500, na bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979. Wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka, pamoja na mambo mengine, thamani ya shilingi ipunguzwe. Nyerere alikataa, Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu Desemba 1979. Makubaliano yalifikiwa mwaka 1986, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais.

Pande hizi mbili hazilingani. Mkopo hauwezi kupimwa sawa na damu ya askari waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba. Lakini swali moja linazihusu zote: serikali inayosimamishwa kwa nguvu au fedha za mwingine huwajibika kwa nani kwanza, kwa raia wake au kwa aliyeisimamisha? Tanzania iliudhika ilipoulizwa swali hilo na Waganda. Nayo ikaliuliza kwa uchungu mbele ya wakopeshaji wake.

Basi wanafunzi wa Kiswahili wasiridhike na maana ya kamusi. Wazee wa Bukoba na Muleba walioishi miaka ile wangalipo. Waulizwe waliuitaje msaada, na waliliitaje deni, kabla kumbukumbu zao hazijatoweka.