Kipima Sukari na Damu ya Fereti
Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ames ya Elkhart, Indiana, ilitoa Dextrostix, kijiti kilichodondoshewa damu, kikaachwa dakika moja, kikaoshwa kwa maji, kisha rangi yake ikalinganishwa na chati. Mashine ya kuisoma rangi hiyo, nzito kupita kilo moja, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vifaa vyepesi vilivyotokana nayo, vilivyokusudiwa wagonjwa wa kisukari, ndivyo vilivyochukuliwa baadaye na wafugaji wa fereti, mnyama wa jamii ya vicheche anayesumbuliwa mno na insulinoma, yaani uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini na kuishusha sukari. Kinaya ni kwamba vifaa hivyo vya binadamu huelekea kuonyesha sukari ya fereti pungufu kuliko ilivyo, kasoro isiyo ndogo kwa ugonjwa unaotambuliwa kwa upungufu huohuo.