Nyumba ya Quirinale na Mjumbe wa Kongo

Ndugu zetu wanaotumwa Roma kwa masomo, tunawaomba jambo moja: wapande kilima cha Quirinale, waingie nyumba ya Rais wa Italia. Wageni hupokewa humo, lakini sharti kujiandikisha mbele na kuchukua kitambulisho. Humo amechorwa mtu wa kwetu.

Nyumba hiyo ilianzwa na Papa Gregorio XIII mwaka 1583, kwa sababu ya hewa safi ya kilima. Paulo V aliikuza. Ndiye aliyengojea mjumbe wa Alvaro II, Mfalme wa Kongo. Mjumbe huyo, Antonio Manuel Ne Vunda, aliondoka kwao mwaka 1604. Njiani alinyang'anywa mali na wezi wa baharini, akacheleweshwa sana Ureno na Hispania, wakubwa wa huko wasipende Kongo iseme na Papa pasipo wao. Akafika Roma mwanzo wa Januari 1608, mgonjwa kabisa. Papa mwenyewe akamwendea kitandani. Akafa mkesha wa Epifania.

Miaka 1616 na 1617 wachoraji walipamba ukumbi mkubwa karibu na kapela ya Paulina. Huko juu, kama watu waliosimama barazani na kutazama chini, wamo wajumbe wa Uajemi, wa Yaponi, na wa Kongo. Yeye ambaye hakupata kupokewa kwa sherehe akiwa mzima, akawekwa pale milele kati ya wajumbe wenzake.

Basi, ukuta ule umeona mengi. Mwaka 1809 askari wa Napoleone walimkamata Pio VII katika nyumba hiyo, wakamchukua utumwani. Halafu wakaitengeneza kwa ajili ya Kaisari wao, asiyefika hata siku moja! Baraza ndefu ya Alesandro VII ikakatwa vyumba vitatu, picha zake zikafunikwa; mafundi walizifunua tena baada ya mwaka 2000. Mwaka 1870 ikaja zamu ya mfalme wa Italia. Watu wa Pio IX walikataa kutoa funguo, ikabidi kufuli zivunjwe. Tangu 1946 ni mali ya Republika.

Wafalme wale waliitwaa nyumba kwa nguvu, wala hatuwasifu. Lakini katika ukumbi wetu waliongeza tu alama za miji ya Italia chini ya picha, Mkongo hawakumkwangua. Twasema hivyo kwa sababu tunasikia mapadri vijana wakidai nyumba za kale za misioni zibomolewe, eti ni za wageni. Boma la Mpala lilijengwa na Kapteni Storms mwaka 1883, likapewa Mapadri Weupe mwaka 1885. Matofali yake, je, yalibebwa na nani?

Ukitoka Quirinale, shuka kwa miguu mpaka Santa Maria Maggiore. Paulo V amezikwa humo, na Ne Vunda yumo pia, uso wake umechongwa katika jiwe jeusi.