Somo la Historia: Mlango wa Kukimbilia

Fungueni madaftari. Nanyi mlio katika kisiwa cha Rukuba, huko Musoma, sogeeni karibu na redio, maana somo la leo linaanzia kwenu.

Mfikirie mwanamke wa Rukuba aliyepigwa na mumewe usiku. Akimbilie wapi? Mtu wa bara aweza kutoka mlangoni akaenda kwa miguu mpaka kwa ndugu zake. Wa kisiwani hana njia ila mtumbwi, na usiku mitumbwi mingi iko ziwani na taa zake, inavua dagaa. Kukipambazuka, ufuko mzima utamwona akipanda. Habari itamfikia mume kabla mtumbwi haujafika ng'ambo.

Zamani mke aliyepigwa alikimbilia kwa baba yake. Hiyo ndiyo nyumba ya usalama ya kwanza katika nchi yetu, wala tusiidharau. Mume alipokuja kumdai mkewe, aliketishwa mbele ya wazee akaulizwa maswali. Lakini palikuwa na jambo la ng'ombe. Mara nyingi ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa ili kaka yake naye apate mke. Binti akikataa kurudi, ng'ombe wanadaiwa, na baba atawatoa wapi? Basi hata baba mwenye huruma aliweza kusema, "Rudi, mwanangu, uvumilie."

Sasa andika mwaka huu: 1971. Mwaka huo Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 chasema kwamba, hata kama mila inaruhusu, mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kumpiga, wala mke mumewe. Mwaka ule ule, mjini London, Bibi Erin Pizzey alifungua nyumba katika mtaa wa Chiswick, na wake waliopigwa wakapata pa kulala pamoja na watoto wao. Waingereza walikuwa na mlango kwanza. Sheria yao ya kuwalinda wake hao ilikuja mwaka 1976. Sisi tulianza na sheria. Ni sheria njema, lakini mtu hawezi kulala ndani ya sheria.

Milango ilichelewa. Mwaka 1999 wanawake wa Mwanza walianzisha shirika la Kivulini, lenye kutoa ushauri na msaada wa sheria, na kuzungumza na majirani wa mitaani, maana jirani ndiye anayesikia kilio kwanza.

Katika Mkoa wa Mara, Dayosisi ya Anglikana ilifungua Nyumba Salama mjini Mugumu, Serengeti, mwaka 2014, ikiongozwa na Bibi Rhobi Samwelly. Yeye mwenyewe alikeketwa utotoni, akakaribia kufa. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba pia Kiabakari, wilaya ya Butiama.

Utauliza: mbona nyumba hizi zilianza na wasichana, nasi tunasema habari za wake? Ni ng'ombe wale wale. Msichana akikeketwa huhesabiwa tayari kuolewa, na mahari hupatikana. Sheria ya 1998 ilikataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, lakini Desemba, shule zikifungwa, wengi hukimbia, wengine kwa miguu. Wafikapo, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa wa ustawi wa jamii huarifiwa. Msichana hupewa kitanda na chakula, kisha shule au cherehani. Wazazi huitwa kuzungumza. Wakiahidi kutomkeketa, msimu ukiisha hurudi kwao, wasipokubali, hubaki.

Kuna shida moja ambayo sikuifikiria kabla ya kusoma habari hizi. Vijiji vingi havikuwa katika ramani, hata waokoaji wakapotea njia. Tangu 2015 watu wa kujitolea, wengi wao wa nchi za mbali, wamekuwa wakichora ramani za vijiji hivyo katika mpango uitwao Crowd2Map.

Sasa shika kalamu. Chora njia ya kutoka ufuko wa Rukuba mpaka Kiabakari. Andika ni mtumbwi wa nani utakaomvusha mwanamke yule, na saa ngapi. Mlio katika vikundi, jibuni pamoja.