Vyuo Vikuu na Uchunguzi wa Maoni ya Wapigakura Nchini Marekani, 1936–1960

Mwaka 1936, jarida la Literary Digest lilisambaza karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likabashiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kosa hilo halikutokana na uchache wa majibu. Majina mengi yalitolewa katika orodha za wenye simu na magari, na waliojibu ni wale tu waliopenda kujibu.

George Gallup, aliyebashiri mshindi kwa sampuli ndogo zaidi, alitumia sampuli ya mgao. Mhoji alipangiwa idadi ya wanaume, wanawake, matajiri na maskini, lakini aliachiwa uhuru wa kuchagua nani wa kumhoji. Udhaifu wa mbinu hiyo ulikuwa katika uhuru huo, kwani mhoji huelekea kwa yule anayefikika kwa urahisi. Mwaka 1948, Gallup, Elmo Roper na Archibald Crossley walibashiri ushindi wa Thomas Dewey, lakini Harry Truman akashinda. Kamati ya Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii ilibaini kasoro katika uteuzi wa wahojiwa, na pia katika kupuuza mabadiliko ya maoni ya siku za mwisho.

Wakati huohuo, vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kuuliza maswali ya aina nyingine. Mwaka 1940, Paul Lazarsfeld wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliwahoji mara kwa mara watu walewale 600 wa Erie County, Ohio, kuanzia Mei hadi Novemba, ili kufuatilia jinsi uamuzi wa mpigakura unavyojengeka. Mwaka 1948, Kituo cha Utafiti cha Chuo Kikuu cha Michigan kiliwahoji watu 662 kabla na baada ya uchaguzi. Sampuli yake ilikuwa nasibu: yaliteuliwa maeneo, kisha makazi, kisha mtu mmoja katika kila kaya. Mwaka 1949, Leslie Kish wa chuo hicho alichapisha utaratibu wa hatua hiyo ya mwisho: mhoji huorodhesha watu wazima wote wa kaya, na jedwali humwonyesha nani ahojiwe. Asipokuwepo, mhoji hurudi. Hana ruhusa ya kumhoji aliyefungua mlango badala yake.

Utaratibu huo ulikuwa ghali na wa polepole, na matokeo yake mara nyingi yalichapishwa miaka kadhaa baada ya uchaguzi. Hata hivyo, ndio uliowezesha kitabu The American Voter cha mwaka 1960, kilichoonyesha uzito wa mwambatano wa mtu na chama katika uamuzi wake. Hivyo, mchango wa vyuo vikuu haukuwa kumtabiri mshindi mapema zaidi kuliko magazeti. Mchango wao ulikuwa kueleza sababu za kura, na kuhakikisha kwamba raia asiyefikika kwa urahisi anahesabiwa miongoni mwa umma ambao maoni yake yanadaiwa kupimwa.