Nyonga iliyokuwa ikilia

Mnamo 1946, ndugu wawili wa Ufaransa, akina Judet, walianza kuwawekea wagonjwa wa nyonga kichwa cha paja cha plastiki ngumu. Mgonjwa mmoja wa Uingereza mwenye nyonga ya aina hiyo kila akiinama mezani ililia kwa kukwaruza, hata mkewe akachoka. Daktari bingwa wa mifupa John Charnley aliposikia habari hiyo, aliona ni dalili: msuguano umezidi, na kinachosuguana hivyo kitalegea tu.

Katika hospitali ya Wrightington, kuanzia 1958, akaweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha Teflon, plastiki inayoteleza sana. Wagonjwa waliokuwa hawalali kwa maumivu walitembea vizuri. Walifikia takriban 300. Lakini eksirei za miaka iliyofuata zilionyesha jambo ambalo wenyewe hawakuwa wamelihisi bado: picha baada ya picha, kichwa cha chuma kilizidi kuzama ndani ya kikombe. Teflon ilikuwa ikilika, na chembe zake zikasababisha uvimbe uliokula mfupa. Charnley alijidunga chembe hizo pajani mwake. Vinundu vikaota mahali hapo. Wagonjwa wale ikabidi wapasuliwe upya, na kwangu mimi hao ndio waliolipa gharama ya elimu hii.

Novemba 1962 alianza kutumia polithini ngumu, na safari hii hakuridhika kumwona mgonjwa ametembea. Aliwaomba wagonjwa wakubali nyonga zao zitolewe baada ya kufa, zichunguzwe.

Mwaka 1979 mtafiti Gruen na wenzake waliugawa mfupa wa paja katika kanda saba ili madaktari wasome kwa namna moja, kwenye eksirei, kulegea kwa shina, yaani sehemu ya nyonga bandia inayoingia ndani ya paja. Kinachotafutwa ni mstari mweusi kati ya saruji inayoishikilia nyonga bandia na mfupa. Ukipanuka, kuna shida. Ndiyo maana picha ya zamani ni ya thamani, na mgonjwa asiitupe. Maumivu ya kinena mara nyingi huelekeza kwenye kikombe, ya paja kwenye shina. Maambukizi nayo hujificha kwa miaka bila homa. Hapo hupimwa damu, kisha maji ya kiungo huvutwa kwa sindano na kuoteshwa maabara.

Agosti 2010, nyonga za ASR, chuma juu ya chuma, ziliondolewa sokoni. Eksirei za baadhi ya wagonjwa wake zilikuwa safi kabisa, huku nyama za kando zikiharibika. Walioendelea kuishi na nyonga za chuma juu ya chuma wakaanza kupimwa kobalti na kromiamu katika damu.