Mabira: Msitu tulivu ambao wasafiri wa Kampala huupita bila kuuona

ABIRIA wengi wanaosafiri kwa barabara kutoka Kenya kwenda Kampala huukumbuka Msitu wa Mabira kwa jambo moja tu: kuku wa kuchoma. Gari linaposimama katika soko la Najjembe, wachuuzi hulizingira wakiinua hadi madirishani mapaja ya kuku, mishikaki ya nyama na ndizi zilizochomwa. Biashara hukamilika kwa dakika chache, kisha safari huendelea. Ni wachache wanaotambua kwamba nyuma ya vibanda hivyo, hatua chache tu kutoka kwenye lami, kuna mojawapo ya misitu mikubwa ya asili iliyosalia katika eneo la kati la Uganda.

Mabira uko takriban kilomita 54 mashariki mwa Kampala na kilomita 26 magharibi mwa Jinja. Una ukubwa wa karibu kilomita mraba 300 na ulitangazwa kuwa hifadhi mnamo 1932, enzi ya utawala wa Waingereza. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiganda lenye maana ya msitu. Siku hizi unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu nchini humo, NFA.

Kwa mgeni aliyekaa siku kadhaa Kampala, tofauti hudhihirika mara moja. Mji huo una wakazi zaidi ya milioni 1.5, na mchana barabara zake hufurika matatu, ambazo Waganda huziita teksi, pamoja na bodaboda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa katika mpaka wa Busia. Honi hazikomi na msongamano huweza kumchelewesha mtu kwa saa nzima. Ndani ya Mabira, baada ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu, mngurumo wa malori ya barabara kuu hufifia. Kinachosikika ni matone ya maji yakidondoka majanini na mbawa nzito za hondohondo akiruka kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Wataalamu wamenakili zaidi ya aina 300 za ndege na zaidi ya aina 300 za miti katika msitu huo, mbali na vipepeo wa aina zaidi ya 200. Miongoni mwa miti hiyo ni mvule, ambao mbao zake zimethaminiwa kwa miaka mingi. Kasuku wa kijivu huonekana huko, na kwale wa Nahan, ndege adimu anayeishi katika misitu michache tu ya Uganda na Congo, ni miongoni mwa wanaowavuta watazamaji wa ndege kutoka nchi za mbali.

Aidha, Mabira ni makao ya mangabe wa Uganda, aina ya kima mwenye manyoya meusi. Jina hilo si geni kwa Wakenya, kwa kuwa mangabe wa aina nyingine wanaishi katika misitu ya kando ya Mto Tana. Mnamo 2007, mtaalamu Colin Groves alieleza kuwa mangabe wa Uganda anastahili kuhesabiwa kama spishi ya peke yake.

Mwaka huohuo, hatima ya msitu wenyewe ilikuwa mashakani. Serikali ya Uganda ilikusudia kuitoa sehemu ya Mabira, hekta 7,100 ambazo ni karibu robo ya msitu, kwa kampuni ya sukari yenye mashamba Lugazi ili ipanue kilimo cha miwa. Rais Yoweri Museveni aliutetea mpango huo akisema viwanda vingeleta ajira na mapato. Wapinzani wake walijibu kwamba msitu huo huvuta mvua na kulinda vijito vinavyolisha mito, na kwamba ukishakatwa hauwezi kurejeshwa kwa kupanda miche.

Ujumbe mfupi ulisambazwa kwa simu za mkononi ukiwahimiza wananchi wasinunue sukari ya kampuni hiyo. Kabaka wa Buganda na Kanisa la Anglikana walijitolea kutoa ardhi kwingineko ili msitu uachwe. Aprili 12, 2007, maandamano jijini Kampala yaligeuka kuwa ghasia. Watu wasiopungua watatu walifariki, akiwemo raia wa India aliyeuawa na umati, huku watu wengine wa asili ya Kiasia wakishambuliwa kwa kuwa wamiliki wa kampuni walikuwa wa asili hiyo. Hivyo kampeni iliyokuwa na lengo la haki ilitiwa doa la damu ya watu wasiohusika.

Mpango huo ulisitishwa. Mnamo 2011, sukari ilipoadimika na bei kupanda, Rais Museveni aliufufua, lakini upinzani ukazuka upya na ardhi haikutolewa. Msomaji wa Nairobi hatakosa kukumbuka Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika visa vyote viwili, utulivu ambao mgeni huufurahia leo uliachwa kwa sababu kuna waliokataa kunyamaza.

Hata hivyo, hatari haijaisha. Wakataji mbao na wachomaji makaa wameendelea kuuingilia msitu kwa siri. Sehemu zilizovamiwa na wakulima katika miaka ya 1970 na 1980, kabla serikali kuwaondoa, zimeenea mforosadi wa karatasi, mti wa kigeni kutoka Asia unaozuia miche ya asili kukua.

Kuutembelea Mabira si jambo gumu. Tangu 2014 Wakenya wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha kitaifa. Anayetoka Kampala anaweza kupanda matatu ya Jinja na kushuka Najjembe, palipo na kituo cha wageni ambapo hulipa ada na kupewa kiongozi. Yapo matembezi mafupi na marefu, na upande mwingine wa msitu kuna maporomoko ya Griffin kwenye Mto Musamya. Inafaa kuvaa suruali ndefu na kuiingiza ndani ya soksi, kwani siafu ni wengi. Wakati mzuri wa kuwaona ndege ni alfajiri, na njia huteleza sana katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Msafiri anayeelekea Kampala hahitaji kuuliza msitu unaishia wapi. Karibu na Lugazi kivuli cha miti hukatika ghafla, na pande zote mbili za barabara mashamba ya miwa huanza.