Tope, Chumvi na Mifupa: Mashapo ya Hanang na Mbulu

Mashapo ni neno la jikoni kabla ya kuwa neno la darasani. Mwenye kuchemsha kahawa, mwenye kukoroga togwa na mwenye kutia maji ya kisima mtungini wote wanayajua: ni ule uzito unaokaa chini kioevu kikiachwa kitulie. Wataalamu waliotafuta jina la Kiswahili la miamba iliyofanywa na vitu vilivyotuama hawakwenda mbali. Waliiita miamba mashapo. Wengine wakaiita miamba tabaka. Jina la kwanza ndilo bora, kwani tabaka hueleza sura ya mwamba, ilhali mashapo hueleza kuzaliwa kwake.

Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, hazielekei kuwa mahali pa kuitafuta miamba ya namna hiyo. Nyanda za juu za Mbulu zimekaa juu ya miamba geu ya kale mno, iliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi hata ikapoteza sura yake ya awali. Mlima Hanang nao, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyolala, yaani ni mtoto wa moto. Lakini baina ya nyanda hizo na mlima huo limepita Bonde la Ufa, na bonde ni chombo. Kila kinachomomonyoka juu hushuka na kutuama ndani yake.

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, kazi hiyo ya karne nyingi ilifanyika kwa muda mfupi. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa Hanang ilikatika. Maji, tope, mawe na miti vikashuka kwa makorongo hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha, na kaya nyingi zikabaki bila nyumba. Palienea uvumi kwamba volkano imeamka. Serikali ikakanusha: hapakuwa na moto wala tetemeko, mwamba dhaifu wa mlima ulikuwa umefyonza maji hata ukashindwa kujibeba.

Kilichobaki Katesh baada ya maji kupita kilikuwa mashapo kwa maana kamili ya neno. Mwamba ulikuwa umechakaa kwa jua na mvua miaka mingi, ukavunjika, ukachukuliwa na maji, ukawekwa chini. Hatua zilizosalia ni mbili tu: kugandamizwa na uzito wa tabaka zitakazokuja juu yake, na kushikamanishwa na chokaa au chuma kilichoyeyuka katika maji yapitayo baina ya chembe. Hapo tope huwa jiwe. Mwenye kujua kusoma jiwe la namna hiyo huanza na mambo mawili. Kwanza hutazama kama chembe zimechambuliwa. Mto unaopunguza mwendo kidogo kidogo huangusha mawe kwanza, kisha mchanga, na tope jembamba mwisho kabisa. Lakini poromoko huangusha yote pamoja, jabali likalala ndani ya tope. Pili hutazama pembe za mawe. Jiwe lililosafiri mbali huwa duara kama yai, na lililotoka karibu hubaki na ncha zake. Kwa dalili hizo mbili, mtu atakayelikuta tabaka la mwaka 2023 baada ya karne nyingi ataweza kusema kwamba lilitoka karibu, na kwamba lilikuja kwa kasi.

Wazo kwamba tope huwa jiwe si geni kwa wasomaji wa Mashariki. Ibn Sina, katika Kitabu cha Shifaa alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alisimulia kwamba utotoni aliona kando ya mto Jayhun udongo ambao watu waliutumia kuoshea vichwa, na kwamba baada ya miaka kama 23 aliukuta umekuwa jiwe laini. Alieleza pia kwamba mabonde huchimbwa na maji na upepo, na kwamba wanyama wa baharini wanaoonekana ndani ya mawe ni ushahidi kuwa nchi kavu ilikuwa chini ya maji. Sehemu hiyo ya kitabu ilifasiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, na kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliidhania kuwa ya Aristotle. Haki ya mwenye kazi ilikawia kurudi. Mwaka 1669 Mdenmaki Niels Stensen, ajulikanaye zaidi kama Steno, alichapisha mjini Florence kanuni ambayo hata mtoto anayepanga mikeka huielewa: tabaka la chini liliwekwa kabla ya lile la juu. Kwa kanuni hiyo ardhi ikapata tarehe, ingawa bado haikuwa na miaka.

Ama kuhusu uainishaji, msingi wake ni swali moja: kitu kilichotuama kilitoka wapi? Kama kilivunjika kutoka katika mwamba mwingine, kipimo ni ukubwa wa chembe. Mmarekani Chester Wentworth aliweka mwaka 1922 mipaka inayotumika hadi leo. Chembe inayozidi milimita 2 ni changarawe, na ikikua huwa kokoto, kisha jabali. Iliyo chini ya hapo hadi sehemu moja ya 16 ya milimita ni mchanga. Chini yake ni tope. Na iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya 256 ni udongo wa mfinyanzi, ambao jicho haliwezi kuiona chembe yake moja. Changarawe zikishikamana hutoa mwamba unaofanana na zege, mchanga hutoa mwamba mchanga, na tope hutoa mwamba laini unaobanduka kama kurasa.

Lakini si kila shapo lilivunjika. Kaskazini ya Mlima Hanang, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, lipo Ziwa Balangida, ambalo halina mto utokao. Maji ya mvua huingia humo yakiwa yamebeba chumvi zilizoyeyushwa kutoka katika mawe ya volkano, na njia yao ya pekee ya kuondoka ni juani. Wakati wa kiangazi maji hunywea, chokaa ikatangulia kutuama, kisha magadi na chumvi, na ukingo wa ziwa ukawa mweupe. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, na majirani zao huichukua chumvi hiyo kwa matumizi yao na kwa biashara, wala hawakungoja mwanajiolojia awaambie kwamba ziwa lisilo na mlango huzaa chumvi. Huo ndio mlango wa pili wa uainishaji: miamba ya kikemikali, ambayo haikuletwa kwa chembe, bali iliyeyuka njiani na kuganda mwisho wa safari.

Mlango wa tatu ni wa viumbe, nao una mfano wake nje kidogo ya wilaya hizi, Minjingu katika Wilaya ya Babati. Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko sasa, kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa kilichokaliwa na ndege walao samaki. Kinyesi chao na mifupa vilirundikana pwani ya ziwa lile hata vikawa tabaka la fosfati. Liligunduliwa mwaka 1956, na tangu mwaka 1983 limechimbwa kwa ajili ya mbolea. Kwa msomaji wa visiwani mfano wa mlango huu uko chini ya miguu yake: ardhi ya maweni ya Makunduchi na Kizimkazi ni matumbawe na makombe yaliyoishi wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe hayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Mwaustria Oscar Baumann alizijua nchi zote mbili. Mwaka 1892 alipita katika nchi ya Wairaqw, na baadaye, akiwa Zanzibar, aliandika vitabu juu ya Mafia, Unguja na Pemba.

Upo mwamba mmoja unaowatatiza wenye kuainisha, nao umejaa kaskazini mwa Tanzania: jivu la volkano lililogandamana. Asili yake ni moto, lakini liliwekwa na upepo na mvua, tabaka juu ya tabaka, kama mashapo mengine. Nyayo za watu wa kale zilizogunduliwa Laetoli mwaka 1978 zilihifadhiwa katika jivu kama hilo, lililoloweshwa na mvua yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Kulitia katika mlango wa moto au wa mashapo ni suala la kitabu. Lenyewe limesimama kizingitini.

Historia ya binadamu katika Mbulu na Hanang imeandikwa kwa sehemu kubwa katika kuzuia mashapo au kuyaachia. Wairaqw wa Kainam na vijiji vya jirani, juu ya ukingo wa bonde, walikuza tangu karne ya 19 kilimo cha samadi, matuta na mifereji kilichoufanya udongo ubaki kwenye miteremko mikali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza ilileta mpango wake wa Mbulu, wa kukata vichaka vya mbung'o na kupunguza mifugo ili udongo usichukuliwe na maji. Watu waliokuwa wakiulinda udongo huo kabla ya mpango kuwapo hawakuhitaji kufundishwa thamani yake.

Katika nyanda za Hanang mambo yalikwenda kinyume. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba ya ngano yaliyofika takriban ekari 100,000, katika malisho bora ya Wabarabaig. Majina yake ni ya nchi ile ile: Basotu, Mulbadaw, Setchet, Gawal, Murjanda, Waret, Gidagamowd. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kilishinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha hukumu ikatenguliwa katika Mahakama ya Rufani. Pamoja na malisho yalilimwa pia makaburi ya wazee, yaitwayo bung'eda. Mzee mwenye heshima akifa, vichuguu vya udongo hujengwa juu ya kaburi lake, kimo kikiongezwa kwa awamu katika miezi ya matanga. Ni tabaka zilizowekwa kwa mikono, na mpangilio wake una maana kwa wanaozijenga. Trekta halikuwa na jicho la kuyatofautisha na vichuguu vya mchwa.

Udongo uliobaki bila majani ukaanza safari yake. Watafiti waliofuatilia mashamba hayo waliandika juu ya makorongo yaliyochimbika na tope lililoingia katika Ziwa Basotu. Ziwa hilo sasa linahifadhi kumbukumbu ambayo hakuna aliyekusudia kuiandika. Mwenye kuzamisha bomba katika tope la Basotu na kulitoa na tabaka zake angepaswa kukuta, juu ya mashapo ya zamani ya malisho, mashapo ya miaka ya ngano. Msaada wa Kanada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashamba yakaja kubinafsishwa. Tabaka lake halikuondoka.

Waathirika wa poromoko la mwaka 2023 walijengewa nyumba 109 mbali na njia ya makorongo ya mlima, katika Waret, kijiji cha Gidagamowd, na kukabidhiwa Desemba 2024. Majina hayo mawili ndiyo yale yale ya mashamba ya ngano. Katesh nako, magari ya jeshi yalikwisha kuzoa tope barabarani na sokoni. Lile lililobaki mashambani na katika makorongo limeanza kukauka, na ndani yake mna mabati, magunia na matofali, pamoja na mawe yenye ncha. Kwa hesabu ya Ibn Sina, linaweza kuwa jiwe laini mwaka 2046.